Mwizi wa Kuku Zangu

Habari hii nimekaa nayo moyoni muda mrefu kwa sababu ya aibu. Lakini majuma mawili yaliyopita nilimsikia mtu akimgombeza mtoto wa jirani yake mbele ya watu kwa ajili ya jogoo aliyepotea usiku, na maneno aliyoyasema yalikuwa yale yale niliyoyasema mimi zamani. Nikarudi nyumbani, nikachukua kalamu. Ninyi karibu wote mnafuga kuku, hata kama ni mmoja tu wa kutamia, basi sikilizeni yaliyonipata.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Kwetu ni Mahenge, lakini kazi ilinileta Rufiji wakati tulipokuwa tukivuka mto kwa kivuko pale Ndundu. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, na nilipostaafu sikurudi Mahenge. Nilijenga hapa Kibiti, mwisho wa nyumba za mji, mahali mikorosho inapoanza. Siku zile tulikuwa nyumba tatu tu. Usiku tuliwasikia fisi kwa mbali, na nguruwe mwitu walichimba mihogo hata nyuma ya jiko. Leo Kibiti ni wilaya yenyewe, imetengwa na Rufiji, na mabasi ya Lindi na Mtwara yanapita mbele yetu. Mikorosho mingi imekatwa. Mahali pake pamesimama nyumba za bati, maduka, mashine za kusaga na vibanda vya chipsi. Mtu angedhani wanyama wa porini wamekwisha kwenda zao. Wamekwenda wale wanaomwogopa binadamu. Wale waliojifunza kula naye sahani moja wamebaki: fungo, kanu, nguchiro na mbweha. Mchana huwaoni sana. Usiku mji ni wao.

Mke wangu alikuwa na kuku 23 wa kienyeji. Msidhani huo ulikuwa mchezo. Pensheni ya mwalimu mnaijua. Kuku hao ndio walionunua madaftari ya wajukuu, sabuni na sukari, na mgeni akija ghafula hatukuona wasiwasi. Walilala katika kibanda cha miti na makuti nilichokijenga kwa mikono yangu, na mlango wake ulikuwa kipande cha bati kilichoegemezwa kwa jiwe, siku tulizokumbuka kuliegemeza.

Asubuhi moja ya mwaka 2019, wakati maembe yanaanza kuiva, mke wangu alihesabu akakuta 19. Juma lililofuata walikuwa 16. Manyoya machache yalikuwa yamelala karibu na ua, lakini mimi sikuyatazama. Nilikuwa nimekwisha kumpata mwizi kichwani mwangu.

Jirani yetu wa ubavuni ni Bibi mmoja Mndengereko, mjane, anayeishi na mjukuu wake wa kiume. Sitawataja majina. Mtoto yule wakati huo alikuwa na miaka 11. Alizoea kuja kwetu jioni na daftari lake la hesabu, nami nikimsaidia, naye akiteka maji kwa mke wangu bila kuombwa. Jioni moja nilimkuta ameinama karibu na kibanda cha kuku. Alisema anatafuta mpira wake wa matambara. Mimi, mwalimu wa miaka 36, niliyelea watoto wa watu wasiohesabika, sikuuliza swali la pili. Nilivuka ua nikamwambia Bibi, "Bibi, mfundishe mjukuu wako. Ana mkono mrefu."

Bibi alikuwa anatwanga kisamvu. Aliweka mchi chini akanitazama. Akasema, "Mwalimu, mjukuu wangu siku nyingine analala njaa, hilo nalijua. Lakini kuku wako hajamla."

Ningeishia hapo. Sikuishia. Nilipeleka neno kwa mwenyekiti wa kitongoji, na mtoto akakalishwa mkekani mbele ya wazee, akaulizwa kuku wako wapi, akalia. Hakuna aliyempiga. Wazee wakasema jambo halina ushahidi, watu wakatawanyika. Lakini shuleni watoto wenzake walimpa jina, wakamwita Mwewe, na jina hilo lilimfuata mpaka sokoni. Hakuja tena na daftari lake. Miaka yote Bibi alikuwa akituletea bakuli la futari wakati wa Ramadhani, nasi siku ya Noeli tulimpelekea pilau. Tangu siku ile bakuli halikuvuka ua.

Likizo ya Desemba mtoto akapelekwa kwa shangazi yake Ikwiriri. Siku ya nne baada ya kuondoka kwake, kuku wawili wakapotea usiku mmoja. Basi, ndugu zangu, hapo ndipo nilipopaswa kuvuka ua na kusema neno moja tu. Sikuvuka. Niliona haya, na mtu mwenye haya hupenda kutafuta mwingine wa kumkasirikia. Nilimpata: mnyama, sijui mnyama gani, lakini mnyama.

Nilikwenda duka la pembejeo nikanunua dawa ya kuulia wadudu wa mboga, ile ya maji maji yenye harufu ya kukata pumzi. Nikachukua utumbo wa samaki, nikauloweka humo, nikautandaza nyuma ya kibanda. Nilifanya hayo gizani, na nadhani hiyo peke yake ingenionya.

Asubuhi nilimkuta mbwa wangu Askari amekufa chini ya mwembe, povu limemkauka mdomoni. Alikuwa mbwa mwema. Kila mwaka nilimpeleka kwenye chanjo, na wiki zile za wizi alibweka usiku kucha, nami nilitoka na fimbo kumnyamazisha kwa kuwa nilitaka kulala. Karibu naye walilala kunguru watatu. Chini ya mkorosho palikuwa na kanu mmoja mdogo, madoa yake mazuri na mkia wake wenye pete pete. Na mjukuu wangu wa miaka 3 alikuwa amechuchumaa kando ya kunguru, anamgeuza kwa kijiti.

Mke wangu alimnyakua mtoto, akamwosha mikono na uso kwa sabuni mara tatu, akamkalisha mapajani akimtazama macho yake mpaka adhuhuri. Mtoto hakupatwa na neno. Mke wangu hakuniambia neno lo lote kutwa nzima, wala mimi sikuthubutu kuomba chai. Nilichimba shimo refu nikazika wote, na mabaki ya sumu na udongo wa juu, na chupa nikairudisha kwa mwenye duka.

Siku ya sita kuku mwingine akachukuliwa.

Kuna mzee mmoja wa delta, mtu wa Mbwera, ambaye hutuletea samaki wakavu na kamba. Huja kwa mashua mpaka Nyamisati, halafu hupanda gari. Amezaliwa katikati ya mikoko, amelima mpunga kule ambako mkulima hulala juu ya dungu miezi mingi akilinda shamba. Alipofika, nilimweleza yote isipokuwa habari ya mtoto. Akanywa chai yake taratibu, akasimama, akazunguka nyumba. Baada ya kitambo akaniita, "Mwalimu, njoo usome."

Alinionyesha mambo ambayo nilikuwa nikiyapita kila siku. Akasema kila mwizi ana mwandiko wake. Mayai yakipotea mchana, tazama nguchiro au kenge. Kifaranga akipotea mchana na hakuna alama chini, tazama juu, ni mwewe. Ukikuta kuku wamekufa ndani ya kibanda, wameumwa shingo, wengine hawakuliwa, na tundu la kuingilia ni dogo hata ngumi yako haipiti vizuri, huyo ni kanu. Hupanda miti na hupita mahali usipodhani. Mbao zikivunjwa au ardhi ikichimbwa kwa nguvu, ni nyegere. Fungo ni mkubwa zaidi, hatembei kwa haraka, na ana desturi ya kwenda haja mahali pamoja. Mzee alinipeleka nyuma ya kichaka hatua 40 kutoka kitandani kwangu, akanionyesha rundo lenye mbegu za maembe na magamba ya majongoo. Mbweha hamalizi kazi kibandani. Humbeba kuku mmoja, hukimbia naye, na manyoya utayakuta njiani kwenda kichakani. Nyayo zake ni kama za mbwa mdogo, na kucha zinaonekana. Nyayo hizo zilikuwapo, nyingi, zimepita juu ya nyayo zangu mwenyewe.

"Na mtu?" nikamwuliza.

Akacheka. "Mtu hawezi kuacha manyoya, Mwalimu. Mtu anabana mdomo wa kuku, anachukua watano, na akitoka anafunga mlango ili usigundue mapema. Wewe mlango wako ulikuta umefungwa lini?"

Sikumjibu.

Kisha akanipeleka chini ya mkorosho. Ndugu wasomaji, mke wangu hukaanga samaki akauza karibu na stendi. Matumbo, vichwa na maganda ya kamba tulivitupa chini ya mkorosho ule miaka mingi, na maembe yaliyoanguka tuliyafagilia hapo hapo. Mahali penyewe palinuka, lakini pua zetu zilikuwa zimezoea. Mzee akaelekeza fimbo yake hapo. "Hii ndiyo karamu. Hawa hawakuja kwa ajili ya kuku. Kuku ni kitoweo tu; wali umewapakulia wewe."

Tulikaa, naye akanikumbusha habari ambayo kila mtu wa Rufiji mwenye umri anaijua. Tangu mwaka 2002 mpaka Aprili 2004 simba waliua watu zaidi ya 30 katika Rufiji. Simba mmoja aliyeuawa mwishoni alikutwa na jino bovu lenye usaha, na watu wengi walisema maumivu ya jino ndiyo yaliyomfanya ale watu. Labda. Lakini wataalamu waliochunguza mambo ya simba Tanzania nzima, na matokeo yao kutangazwa mwaka 2005, walihesabu watu zaidi ya 560 waliouawa na simba tangu mwaka 1990, na wakaona kwamba mahali penye mauaji mengi ni mahali ambapo wanyama wengine wanaowindwa na simba wamepungua na nguruwe mwitu wamebaki wengi. Nguruwe hufuata mahindi na mihogo. Mkulima hulala shambani katika kibanda kibovu ili amfukuze nguruwe. Simba humfuata nguruwe, na njiani humkuta mkulima. Wazee wa delta walilijua jambo hilo bila kitabu. Huyu mzee alisema wao hawakuanza na simba, walianza na nguruwe, na waliinua dungu zao juu na kuzikaza. Basi kwa mbweha na fungo mambo ni hayo hayo, madogo zaidi. Tazama kwanza kinachowaleta.

Kazi tuliyoifanya haikuwa ya ajabu, walakini ilitutoa jasho. Nilichimba shimo la taka lenye kina cha kiuno changu, nikaweka mfuniko wa mbao na jiwe juu yake, na kila siku tukimwaga matumbo ya samaki tunamwaga na majivu na udongo. Maembe yaliyoanguka tunayaokota kabla ya jua kutua, mabovu tunayatupa shimoni. Kibanda cha makuti nilikibomoa nikajenga kizimba juu ya nguzo nne, urefu wa mita moja kutoka chini, na kila nguzo nikaizungushia bati laini ili kanu asipande. Dirisha nililiwamba wavu mgumu wa chuma wenye matundu ambayo kidole cha mtoto hakipiti. Ule wavu mwembamba wa kuku unaouzwa rahisi haufai. Unamzuia kuku asitoke, haumzuii mnyama kuingia. Jirani mmoja asiyeweza kuinua banda lake alizungushia mawe chini, akayafukia kina cha mkono, na hilo pia lilimsaidia. Niliweka taa ndogo ya jua, ikawatisha kwa muda wa siku 10 hivi, halafu wakaizoea, na nadhani fungo sasa anaiona ni hisani yetu ya kumwangazia njia.

La maana kuliko yote ni mlango. Kila jioni, adhana ya magharibi ikisikika, mtu mmoja nyumbani kwetu anahesabu kuku na kufunga kwa komeo. Si "mtu ye yote." Mtu mmoja, anayejulikana, kwa zamu ya juma zima. Jambo lililoachiwa watu wote hufanywa na hakuna mtu. Hilo nililijifunza shuleni na nikalisahau nyumbani kwangu. Tangu kizimba kile kijengwe nimepoteza vifaranga wawili, wote kwa mwewe.

Fungo bado yupo. Nimemwacha. Anakula panya, anakula majongoo, na mbegu anazoziacha huota. Wengine wananicheka kwa hilo.

Binti yangu wa pili ni muuguzi Uingereza. Nilipompigia simu kumweleza habari ya kizimba, alicheka sana. Akasema, "Baba, mbona huku London mbweha wanapita barabarani kama paka?" Nilidhani ananitania, naye akaniletea picha katika simu: mbweha mwekundu, si kama wetu wenye mstari ubavuni, amesimama juu ya pipa la taka mlangoni mwa nyumba yake. Akanieleza kwamba walianza kuingia mji ule zamani, katika miaka ya 1930, watu walipojenga nyumba zenye bustani pembeni mwa mji. Halmashauri ziliwaajiri watu wa kuwaua, kazi ikaendelea miaka mingi, mwisho wakaiacha, kwa kuwa ukimwua mbweha mmoja, mwingine huja kukaa mahali pake, maadamu chakula kipo. Kuwatega kwa sumu ni kosa la sheria kule. Nilinyamaza kidogo katika simu niliposikia neno hilo la sumu. Sasa watu wa London wanaambiwa mambo yale yale aliyoniambia mzee wa Mbwera: funga taka, funga banda la kuku, usiwape chakula. Huko Ethiopia katika mji wa Harar wamekwenda mbali zaidi, fisi huingia usiku kwa matundu ya ukuta wa mji na kusafisha mabaki ya nyama, na wako watu wanaowalisha kwa mkono. Kila mji na desturi zake. Mimi fisi simlishi.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Ilikuwa mwaka 2021, wakati wa masika, saa nne asubuhi, jua linawaka baada ya mvua ya usiku. Nilikuwa nikipalilia mihogo karibu na ua. Mbweha akatokea upande wa barabara, mchana mweupe. Hakukimbia. Alikuja akiyumba kama mlevi, kichwa chini, mate yakimtoka, akauma mti, akaachia, akaendelea. Nilipiga kelele watoto waingie ndani. Mjukuu wa Bibi alikuwa upande wao wa ua anakata kuni. Alikuwa na miaka 13 sasa. Aligeuka kuona nini, na mbweha akamwuma kwenye ndama ya mguu, akamng'ang'ania mpaka nilipofika na jembe.

Mbwa kama Askari angebweka mapema. Hilo nililiwaza wakati ule ule, na sijaacha kuliwaza.

Nawaambieni tulichofanya, maana siku nyingine ni ninyi. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili zake ndani ya mtu, hakuna mganga wa kumponya, karibu wote hufa. Lakini kabla ya dalili kuna nafasi, na nafasi inaanza pale pale penye maji. Nilimkalisha mtoto, nikamwosha jeraha kwa sabuni na maji yanayomiminika dakika 15 kwa saa yangu, naye akilia, mke wangu akimwaga maji ndoo baada ya ndoo. Mtu mmoja alileta pilipili ya kusagwa apake jerahani, mwingine akasema tufunge kwa majani. Nikawafukuza wote wawili, Mungu anisamehe ukali wangu. Halafu bodaboda. Kituo cha kwanza hakikuwa na chanjo siku ile. Hatukurudi nyumbani kungoja. Tulikwenda mbele mpaka tulipoipata, na sindano ya kwanza akachomwa siku ile ile kabla ya jua kutua. Zikabaki nyingine za siku zilizopangwa na mganga, na hakuna hata moja tuliyoiruka. Mzoga wa mbweha hatukuugusa kwa mikono. Afisa mifugo aliarifiwa, akaja mwenyewe.

Watu wengi wanadhani ugonjwa huu ni wa mbwa tu. Katika mikoa ya Lindi na Mtwara, majirani zetu wa kusini, wataalamu waliufuatilia tangu mwaka 2011 mpaka 2019, wakaona kwamba katika kila wanyama 10 waliougua, karibu 4 walikuwa mbweha. Mbwa ndio waliokuwa wengi zaidi, kwa hiyo mtu asiache kumchanja mbwa wake. Chanjo hutangazwa hasa karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani. Lakini mbweha asiyekuogopa mchana si mbweha mpole. Ni mbweha mgonjwa. Mwambieni hata mtoto mdogo.

Fedha za sindano Bibi hakuwa nazo. Mimi pia sikuwa nazo mkononi. Mke wangu aliingia kizimbani, akakamata kuku wanane, akawafunga miguu akawapeleka sokoni. Wale wale ambao kwa ajili yao nilimwita mtoto mwizi.

Siku ya sindano ya pili mimi na Bibi tulikaa kwenye benchi, mtoto yuko ndani. Nilikuwa na maneno mengi niliyoyapanga njiani, kama mwalimu anayeandaa somo. Yakapotea yote. Nikasema tu, "Bibi, nilimkosea mjukuu wako. Nimelijua hilo tangu Desemba ile alipokuwa Ikwiriri."

Bibi akarekebisha khanga yake. Akasema, "Nilijua utakuja kusema, Mwalimu. Nilidhani utachelewa zaidi."

Miaka karibu miwili, naye alidhani nitachelewa zaidi!

Kwa kuwa nilimshitaki mbele ya watu, sikuona haki kumwomba radhi benchini. Jumapili jioni nilimwomba mwenyekiti awaite wazee wale wale, wale waliokuwa hai, na mkeka ukatandikwa. Safari hii niliketi mimi. Nikaeleza habari ya nyayo, ya manyoya, ya sumu, ya Askari, na ya Ikwiriri. Mzee mmoja aliuliza kwa nini sikusema mapema. Nikasema niliona haya. Akasema, "Na mtoto hakuona haya?" Hakuna neno lililonichoma kama hilo maishani mwangu. Mtoto mwenyewe alikaa nyuma ya bibi yake akikwaruza udongo kwa kidole. Nilipomwomba msamaha alisema, "Shikamoo, Mwalimu," kwa sauti ndogo, kama mtu asiyejua aseme nini kingine, nami nikashindwa kuitika vizuri.

Jina la Mwewe halikufa siku moja. Majina ya watoto hayasikii mikutano ya wazee. Lilikufa polepole, na nasikia wako wanaolitumia mpaka leo kwa mchezo. Yeye sasa anasoma sekondari. Mguu una kovu, mwili ni mzima. Likizo akija hushika zamu ya kizimba juma moja, kwa hiari yake, na huhesabu kuku kwa sauti kubwa ili Bibi asikie kule upande wa pili.

Mwaka huu tunao 31. Juzi usiku niliamka kwa ajili ya mvua, nikatazama dirishani. Fungo alikuwa anapita chini ya taa, mkia chini, bila haraka. Alifika kwenye shimo, akanusa mfuniko, akazunguka jiwe mara moja, akaenda zake kuelekea mikorosho.